Wimbo Nyuma ya Mbao

Mwanga uliingia kwa madirisha marefu, ukashuka, ukajilaza sakafuni kama mwenye nyumba. Hakuna aliyeuzuia. Enzi zetu haukufika mbali hivyo. Uligonga ubao wa kwanza, ukaishia kwa jirani.

Nyumba ya mtaa wa Sololaki, fahari ya mji wa Tbilisi, nilizaliwa ndani yako, na Jumamosi iliyopita niliingia kwa tikiti.

Nilikuja na dada yangu Nanuli. Mama yetu, Tsiala, tulimzika wakati wa baridi, na tangu siku ile nilikuwa na kiu ya kusimama pale kitanda chake kilipokuwa. Nanuli hakutaka. Alisema nyumba ile haikutupa kitu ila kikohozi. Lakini alikuja, amevaa viatu vyake vizuri, kama anayekwenda kumwona mtu waliyekosana naye.

Alikujenga mfanyabiashara wa tumbaku, ili watu wake wacheze dansi. Kisha yakaja mapinduzi, yakamtoa, na sisi wengi tukagawiwa wewe. Ukumbi wa dansi ukakatwa kwa mbao, familia nne chini ya dari moja. Mbao zilikuwa fupi, dari ilikuwa mbali. Harufu haikuwa na mwenyewe: maharage ya huyu, moshi wa jiko la yule, vyote vilipanda, vikachanganyika, vikamshukia kila mtu. Na sauti vilevile. Kikohozi, ugomvi, sala ya kunong'ona, vyote vilikuwa vyetu sote.

Sasa hakuna ubao hata mmoja. Wamekuosha, wamekupaka dhahabu, wamekutundikia picha, wamekuita jumba la sanaa. Nilisimama katikati yako nikajiona kuku mgeni, nikakaribia kujitazama mguuni kama nimefungwa kamba.

Nilikwenda dirishani nikamwambia Nanuli kitanda kilikuwa hapa. Akasema hapana, hapa alilala Zaira, yule mshonaji asiyekuwa na mtoto. Sisi tulikuwa kule, karibu na mlango, penye upepo. Kule alikoonyesha kulitundikwa picha kubwa ya mwanamke aliyevaa nguo nyekundu, ameshika kitana. Nikamtazama mwanamke yule, naye akanitazama, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Niliweka kiganja ukutani.

"Bibi, usiguse ukuta," alisema mhudumu wa ukumbi, mwanamke wa makamo aliyekaa kitini na shali mabegani.

Nikamwambia nilizaliwa humu. Hakushangaa. Alisema kila wiki huja mtu na maneno hayo hayo, na wote, ajabu, ni wajukuu wa tajiri wa tumbaku.

"Sisi si wa tajiri," Nanuli akamjibu. "Sisi ni wa nyuma ya mbao."

Mhudumu akacheka kidogo, akageuza uso, akatuacha. Kwa kazi yake, huo ulikuwa ukarimu.

Basi mahali pamenipotea, nikawaza, lakini si kitu, wimbo ninao. Maana kila usiku wa utoto wangu wimbo ule ulinishukia gizani, mwembamba, wenye joto, ukanifunika. Nikamnong'oneza Nanuli kwamba angalau humu ndimo Mama alimokuwa akiniimbia.

"Mama?" alisema. "Mama hakuwahi kuimba. Aliyekuwa akiimba ni Zaira. Ulimsikia juu ya mbao. Ulikuwa mtoto, ukadhani kila sauti nzuri ni ya mama yako."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliuma.

Sijui, nyumba. Sijui nilihisi nini. Wanangu nimewalaza kwa wimbo ule. Niliuimba makaburini, theluji ikianguka juu ya udongo mpya. Je, mama yangu nilimzika kwa wimbo wa jirani? Na Zaira, aliyefia mjini Rustavi bila mtu wa kumlilia, ndiye aliyenilea usingizini, nami sikumpelekea hata ua? Nilijaribu kuuona mdomo wa Mama ukiimba, nikaona giza. Nikajaribu wa Zaira. Giza lilelile.

Nikaanza kuimba, chini chini, nipate kusikia ni nani.

"Lala, ua la komamanga, mlima umelala, mto umelala..."

"Mto haujalala," Nanuli alinikatiza, macho yakiwa bado kwenye picha. "Mto unakuchunga. Mama akifika hapo alikuwa anashusha sauti."

Kisha akasikia alichokisema.

Akatafuta benchi, akakaa. Akanieleza polepole, akitazama viatu vyake, kwamba nilipozaliwa yeye alikuwa mkubwa tayari, na kitanda kilikuwa kimoja, na Mama alilala amenielekea mimi. Upande wake yeye ulibaki mgongo.

"Nikawa najiambia ni Zaira anaimba, anatuimbia sote. Nisione wivu. Nimejiambia hivyo miaka yote, Lamara, mpaka ninamwona Zaira kabisa, amebana sindano mdomoni, anaimba."

"Mtu haimbi na sindano mdomoni, dada."

"Najua," alisema. "Najua. Lakini ndivyo ninavyomwona. Sasa hata mimi sijui ni nani."

Nilistahili kufurahi. Nilikuwa nimerudishiwa mama. Lakini nilimtazama dada yangu, mvi zake, viatu vyake vizuri, nikaona siwezi kumchukua Mama mbele yake mara ya pili. Na huenda ni kweli alikuwa Zaira. Huenda waliimba wote wawili, huyu huku na huyu kule, na sauti zikakutana darini. Nyumba, wewe ulikuwa macho. Hukusema.

Nikakaa kando ya Nanuli, nikamgeukia uso kwa uso, nikauanza wimbo upya. Mhudumu aliinua kichwa, kisha akakishusha. Mwanga ulikuwa umetambaa hadi benchini, ukatupanda magotini, yake na yangu, bila kuchagua. Dada yangu alifumba macho. Nilipofika kwenye mto nilishusha sauti, na sikujua sauti inayonitoka ni ya Tsiala au ya Zaira, na Nanuli hakuniuliza.