Hewa ya Changamwe Ilivyofika Timbwani

Dishon, fundi wa mradi mmoja wa utafiti, alipanda ngazi ya mbao akakifunga kisanduku cha mwisho juu ya paa la Bi Mwanarusi, Changamwe, nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu. Kingine alikwisha kukiweka Timbwani, ng'ambo ya feri, kwa Bi Dhahabu, na kingine Mjambere kwa Mzee Nzai, mgane aliyekula ugali na chumvi. Vilipima hewa na kupeleka vipimo kwa mawimbi ya redio, bila waya, hadi ofisi ya mradi mjini. Ulikuwa mwaka wa 1994, na waya za simu za mtaa ule zilikuwa zimeibwa.

Bi Mwanarusi hakuwa na haja na mawimbi. Alikuwa na mjukuu, Kibibi, aliyekohoa tangu kiwanda kilipojenga tanuri jipya.

"Chasemaje chombo chako, mwanangu? Kama hewa hii yamdhuru mtoto, nimhamishe."

"Mama, takwimu ni mali ya mradi. Hazitolewi mpaka ripoti ichapishwe."

"Lini?"

"Wakubwa ndio wanaojua."

Jumatatu, kisanduku cha Changamwe kilitoa harufu ya samaki wa kupaka, na Bi Mwanarusi hata jiko hajawasha. Visanduku vilikuwa vimechoka kungoja ripoti, vikaanza kupeana hewa vyenyewe kwa vyenyewe. Dishon alipanda juu, akakagua antena, akathibitisha kwamba samaki ni wa Timbwani.

Bi Dhahabu alipoambiwa, aliona haya. Harufu ya chungu chako ikimfikia jirani, jirani hupelekewa, na yeye hakupata kusikia kwamba feri yavunja ujirani. Dishon akapewa bakuli, akalipeleka Changamwe kwa pikipiki ya mradi. Kwa kuwa bakuli la watu halirudi tupu, akalirudisha na mahamri. Mzee Nzai naye alikumbukwa, akaanza kuota kitambi.

Lakini hewa haichagui. Tanuri lilipowashwa, moshi ulitoka kwenye kisanduku cha Timbwani ukatia masizi nguo za kamba nzima, na nyuma yake kikaja kikohozi cha Kibibi, kikavu, kisichokoma. Bi Dhahabu alivumilia, alivumilia, mwisho akavuka.

"Wallahi dada, kikohozi kile hata paka wangu amekihama. Nipa mtoto nikae naye."

"Na moshi? Si wakufikia kuko?"

"Nishakifunika kisanduku kwa sufuria."

Sufuria ilitosha. Kibibi alikaa Timbwani, kifua kikafunguka, akawa hashikiki kwa kukimbia. Bi Mwanarusi alipoletewa habari alifurahi mno, kisha akalia, kwa sababu nyumba bila mtoto yule haikukalika. Kuihama hakuweza. Ndiyo urithi pekee aliokuwa nao, na nani angenunua nyumba yenye moshi ule?

Dishon alirudi akakaa ukumbini bila kuvua kofia.

"Mama, wakubwa wanauliza mtoto atarudi lini."

"Kwani wamjua?"

"Ofisini kikohozi chake kilikuwa kikisikika tangu tulipowasha mitambo. Moshi pia unafika. Wamenunua pangaboi." Alikuwa akitazama viatu vyake, hakuwa mtu mbaya. "Bila yeye rekodi ya Changamwe imekatika. Wanasema ripoti itachelewa."

Bi Mwanarusi alimtazama kwa huruma, kijana wa watu, mbali na kwao, akitumwa maneno kama hayo. Akammiminia chai, akamwongezea sukari. Upande wa pili wa ukuta tanuri la mchana lilikuwa limeshika moto. Akavuta kigoda chake mpaka chini ya kisanduku, akakaa, akajitengeneza mtandio, akakohoa.

"Waambie wasiwe na wasiwasi, mwanangu," akasema. "Nimeshaanza mimi."