Baba wa Kifungu cha Nne

Honorable Domitille aliingia kwenye ukumbi wa Baraza la Mkoa amejifunga kile kitenge anachokivaa kwenye harusi za watu, na kila aliyemjua alijua kwamba siku hiyo hakuja kubembeleza mtu. Aliketi, akavua miwani, akaifuta polepole, akaivaa tena. Mbele yake ulikuwepo muswada ambao alikuwa amekwisha kuushika wote kwa moyo.

Baraza lenyewe, tusidanganyane, lilikuwa baraza la vita. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyepigiwa kura. Waasi walioushika mji wa Bukavu ndio waliowachagua, huyu kwa sababu ya kabila lake, yule kwa sababu ya duka lake, na Domitille kwa sababu walihitaji wanawake wachache wa kuonekana kwenye picha. Hapo walikosea. Walidhani wamechukua mama wa kupamba meza, kumbe wamejichukulia mwalimu aliyekuwa amefundisha miaka na miaka darasa la watoto wadogo, wale ambao hata kukaa hawajajifunza. Mjumbe wa kumtisha alikuwa bado hajazaliwa.

Muswada wake ulikuwa mfupi. Sehemu ya ushuru wa soko la Kadutu iende kulipia nyumba za kulelea watoto, ili mama anayeuza asishinde na mtoto wake juani katikati ya makaa na samaki wadogo wa sambaza, wala asimfungie peke yake nyumbani. Basi. Lakini moyo wa muswada ulikuwa kifungu cha nne: nyumba itampokea kila mtoto, bila kuuliza baba yake ni nani.

Asubuhi nzima wajumbe walileta marekebisho yao, na Domitille aliyapokea kama mama mwenye duka anavyopokea wateja. Honorable Xavier wa Idjwi alitaka nyumba moja ijengwe bandarini, kwa wanawake wanaovuka ziwa na mananasi. Domitille akasema anakubali. Mjumbe wa Mwenga alitaka wake wa wachimba dhahabu watajwe kwa jina. Anakubali. Mwingine alitaka neno "watoto" liandikwe kwa herufi kubwa, na akalitetea kwa dakika nyingi kwa Kifaransa kilichokuwa kikichechemea. Anakubali pia, kwa moyo mkunjufu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu aliyetia neno lake kwenye sheria hataona haya kuinyoshea mkono.

Nyuma, kwenye viti vya wananchi, alikuwa amekaa mume wake. Papa Polycarpe alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ambayo serikali ilikuwa imeisahau tangu zamani, na kila alipokuwa hana kipindi alikuja kusikiliza Baraza likiiua lugha aliyoipenda. Kila kosa aliliitikia kwa kufumba macho. Kwenye hotuba ile ya herufi kubwa aliyafumba sana.

Ndipo akasimama Honorable Zagabe.

Zagabe alikuwa mzee wa upande wa Walungu, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Ng'ombe wenyewe hakuwa nao tena. Watu wenye bunduki, wale wa porini, walikuwa wamewachukua wote, na tangu hapo hakuna mtu aliyemwona akicheka. Alianza kwa Kifaransa, kikamchelewesha, akakitupa, akashika Kiswahili cha Bukavu, kile kinachowaita watu "batu".

"Maman Domitille, tuseme kweli," alisema. "Mu hii muji kuko batoto ba bale batu ba bunduki. Ng'ombe yangu balikula. Nyumba yangu balichoma. Sasa soko yetu ilipe juu ya kulea damu yao? Amendement yangu iko mufupi: mutoto atapokelewa kama baba yake anakuya yeye mwenyewe kumuandikisha. Kwetu mutoto iko na baba. Njo ile tu."

Vichwa vingi viliitikia. Domitille aliviona, akavihesabu kwa jicho, na hesabu haikumfurahisha. Rais wa Baraza naye aliona jasho limewatoka watu, akatangaza mapumziko mafupi.

Kwenye varanda, Honorable Emérence, rafiki yake, alimvuta kando.

"Ondosha kifungu ya ine, dada. Ile ingine yote itapita. Ukikaza, Zagabe atakuuliza ya mu nyumba yako. Anajua."

Kila mtu alijua. Joviale, binti wa Domitille na Polycarpe, alikuwa amekwenda Bunyakiri kununua mafuta ya mawese ya kuuza, na barabarani watu wenye bunduki walimshika, wakakaa naye porini. Alirudi amekonda, anatembea kama mtu anayesikiliza kitu nyuma yake, na baadaye tumbo likaonekana. Sasa mtoto alikuwa ameanza kutambaa. Mvulana mnene, mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Na hakuwa na jina.

Kwa desturi yao jina lilikuwa la Polycarpe kulitoa, maana binti alizalia kwao. Polycarpe hakulitoa. Hakuwa mkali, hilo Domitille alimkubalia. Alinunua maziwa, alinunua sabuni, na mtoto alipokohoa alikwenda mwenyewe kutafuta dawa. Lakini hakumbeba hata siku moja. Alimpita pale mkekani kama mtu anavyoupita mzigo ambao mgeni ameuacha na atarudi kuuchukua. Padri aliuliza jina la ubatizo, akajibiwa bado. Nyumbani walimwita tu "Katoto", na Joviale alishtuka kila mara kama aliyechomwa mwiba.

Domitille hakuwahi kumlazimisha mumewe. Aliwaza: huyu mtu ataiva mwenyewe. Ila hakuiva, na sasa Zagabe alitaka kuufunga mlango mbele ya mtoto huyo na wenzake wote.

"Aulize," Domitille alimjibu Emérence. "Mi niko na yangu ya kumuuliza kwanza."

Waliporudi ndani aliomba neno. Hakushika karatasi.

"Muzee Zagabe amesema kwetu mutoto iko na baba. Nakubali. Desturi anaijua kuliko mie, na Walungu yote inamujua. Basi Muzee, nifundishe. Binti akizalia kwao, ng'ombe ya mahari haikutoka, mutoto ni wa nani?"

"Wa baba ya ule binti," alisema Zagabe. "Hata mutoto mudogo anajua ile."

"Na jina, nani anamupatiaka?"

"Ule muzee. Nani mwingine?"

"Na bale batu ba bunduki, Muzee, balitoaka ng'ombe?"

Mtu mmoja akapasuka kicheko. "Bale? Banakulaka tu ya benzao!" Ukumbi mzima ukacheka, na hata mdomo wa Zagabe ukataka kucheza.

"Sasa basi," Domitille alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya mwalimu anapoona darasa limefika. "Kama ng'ombe haikutoka, bale batoto si ba bunduki. Ni ba babu zao. Ni betu. Bunduki haina mutoto mu Bukavu. Amendement yako, Muzee, mi nainyosha tu mukia. Tuandike: kama ng'ombe haikutoka, baba ni baba ya mama yake, ao mwenye kushika nafasi yake. Ni desturi njo inasema. Si mie."

Alikaa. Kwenye viti minong'ono ilikuwa ya kukubali, na Xavier wa Idjwi alikuwa ameanza kupiga meza kwa kiganja. Domitille alijiruhusu kuvuta pumzi. Alikuwa amemfunga mzee wa watu kwa kamba ya mzee mwenyewe, na, tuseme ukweli, alijisikia vizuri.

Zagabe hakuketi.

"Umesema muzuri, Maman," alisema taratibu. "Muzuri sana. Sasa mi nakuuliza moja. Mu nyumba yako kuko mutoto. Anaitwa nani?"

Xavier aliacha kupiga meza. Nje, jenereta ilikohoa, ikaendelea.

"Sikuulize baba yake," Zagabe aliongeza. "Nauliza jina. Kama babu yake alimupokea, iko na jina. Kama haiko na jina, basi babu yake pia alimukataa, na ile desturi yako ni ya mu kinywa tu. Unataka batu ba Walungu bafanye kitu yenye bwana yako, mwalimu mukubwa, alishindwa."

Domitille alisimama. Jina lolote lingemwokoa. Angeweza kusema Thierry, angeweza kusema Bisimwa, nani angekwenda kuchunguza? Lakini jina halikuwa lake kulitoa, na yeye ndiye aliyekuwa amemaliza kuwaeleza hivyo dakika moja iliyopita. Aliona aibu, si ya mtoto, ila ya miezi yote aliyokaa kimya akingoja. Alijiona ameijenga nyumba nzuri na kusahau kuiwekea mlango. Hakugeuka nyuma. Alijua akigeuka Baraza zima litageuka naye, na hakutaka kumfanyia Polycarpe hivyo.

"Muzee," alianza, "ile jina..."

"Akonkwa!"

Sauti ilitoka nyuma. Sheria ya ukumbi iliwakataza wananchi kusema, kupiga makofi, hata kukohoa kwa makusudi, na Polycarpe alikuwa mtu wa sheria, mtu aliyewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa sababu ya nukta. Sasa alikuwa amesimama juu ya benchi. Juu ya benchi kabisa, na viatu vyake.

"Silence mu public!" Rais alipiga nyundo.

"Anaitwa Akonkwa," Polycarpe alisema. "Ni jina ya baba yangu. Nilikawia kumupatia. Nilikuwa naangalia ule mutoto, na naona bale batu. Kila siku naona bale batu. Muzee Zagabe, unasema ng'ombe yako balikamata. Mi balinikamatia mutoto, akarudi, na nikamwachia aibu peke yake. Imetosha. Muandike. Akonkwa, mwana wa Polycarpe. Mi njo baba yake."

"Mumutoshe inje ule papa!" Rais alipiga kelele, na mlinzi wa ukumbi akaja, akamshika mwalimu mkono kwa adabu, maana alikuwa amesoma kwake, akamsaidia kushuka kwenye benchi, akamtoa nje.

Hapo ndipo Zagabe alipofanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Mtu akitaja jina la mtoto mbele ya wazee, mkubwa kuliko wote waliopo humwitikia kwa makofi, ili jina lishike. Hivyo ndivyo Zagabe alivyolelewa, na mkubwa kuliko wote pale alikuwa yeye. Uso wake ulikuwa bado umekasirika. Lakini alileta viganja vyake pamoja, akapiga polepole, mara kadhaa, kichwa kimeinama, na wajumbe wengine wenye mvi wakamfuata kila mmoja kwenye kiti chake.

"Hii ni vote?" Rais aliuliza, amechanganyikiwa.

"Hapana," Zagabe alisema. "Hii ni ya mutoto. Vote yako uite sasa."

Rais akaiita. Mikono ikapanda, ya Idjwi, ya Mwenga, ya Emérence mbele ya yote, hata ya yule wa herufi kubwa. Ya Zagabe ilibaki mezani. Alikuwa amempokea mtoto. Muswada alisema ataufikiria nyumbani. Lakini haukumhitaji. Kifungu cha nne kilipita pamoja na mkia wake, na Domitille alikusanya karatasi zake bila kuona alichokuwa akikusanya, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi.

Polycarpe alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, kati ya askari wawili waliokuwa wamechoka kumlinda.

"Ilipita?"

"Ilipita."

"Na ule wa herufi kubwa, ulimusikia? Subjonctif yake ya Kifaransa ilikuwa ya kulia."

"Polycarpe."

"Yee," alisema. Kisha akainuka na kujipangusa suruali. "Joviale iko soko?"

Walipanda kwa miguu hadi Kadutu, yeye mbele na koti lake la kufundishia, mkewe nyuma akihema. Joviale alikuwa mahali pake pa kila siku, nyuma ya mafungu ya sambaza, mtoto amelala mgongoni mwake ndani ya kitenge. Alipomwona baba yake sokoni alisimama haraka, maana Polycarpe hakuwahi kufika hapo, na akadhani kuna msiba.

Polycarpe alinyosha mikono.

"Nipe Akonkwa," alisema.

Joviale alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama hata nyuma ya meza. Alimgeukia mama yake.

"Akonkwa gani?"

Domitille alimwonyesha kwa kidevu mtoto aliye mgongoni. Polycarpe alivua koti, akampa mkewe ashike, akageuka, akainama, akampa binti yake mgongo kama wanavyofanya akina mama. Joviale aliutazama mgongo ule wa shati jeupe. Kisha akafungua kitenge chake.