Mjane wa Mume Aliye Hai

Kabla hujaniuliza: ndiyo, nilijua ni uchuro. Sikuhitaji kukumbushwa na mtaa mzima wa Majengo. Mwanamke ana mume mzima, anakula, anakoroma, halafu anakwenda mbele ya kamera kuambiwa mumewe amekufa na kukaa eda. Nani asiyejua kwamba huko ni kumwita Izraili mtoa roho aje achungulie mlangoni? Mama mkwe wangu, Bi Sabiha, siku aliyonikuta nakariri jikoni alishika mwimo wa mlango asianguke.

"Unamlilia mwanangu, Jaha? Amekukosea nini?"

"Si Seleman, Mama. Mume wa kwenye filamu anaitwa Rashidi."

"Malaika anajua hayo majina yenu ya filamu? Maneno huumba, mwanangu!"

Nikanuna siku mbili.

Nauza maharage sokoni, huu mwaka wa kumi na nne. Mume wangu anayaleta na lori lake la Fuso kutoka Kibakwe, mimi nayapepeta, nayachambua, nauza. Na kwa miaka sita sasa naigiza. Nilianza na kikundi cha kata, tukienda hadi Chamwino kuigiza habari za kipindupindu. Mimi ndiye niliyekuwa mama asiyenawa mikono. Baadaye nikaanza kupata vipande kwenye tamthilia: jirani mgomvi, shangazi wa bwana harusi, mwanamke wa tatu msibani. Kelele nazijua. Ukitaka mtu wa kugombana, niite, hata kamera itarudi nyuma. Wenzangu sokoni wakanibatiza Msanii wa Maharage. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Basi akaja Tumsifu. Ni kijana wa hapa hapa Dodoma, ana miwani na kofia asiyoivua, anatengeneza filamu na wenzake saba. Akanipa mjane. Si mwanamke wa tatu msibani, mjane mwenyewe, ambaye filamu yote inamfuata yeye. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kusema, halafu nikaenda kujifungia chooni robo saa nzima. Uchuro niliuogopa, sikatai. Lakini kilichonipeleka chooni hasa ni kingine. Niliogopa kwamba wenzangu wa sokoni wako sahihi, kwamba mimi najua kelele tu, na sasa itaonekana peupe.

Seleman sikumwambia. Alikuwa Kibakwe anakusanya mzigo, akitarajiwa Alhamisi, na sisi tulikuwa tunapiga picha Jumanne na Jumatano. Nikajipangia vizuri: atakufa Jumanne, tutamsomea arobaini Jumatano, Alhamisi akirudi atakuta nimepika. Bi Sabiha akakubali kunyamaza kwa sharti moja, kwamba na yeye aje akae pale na tasbihi yake amlinde mwanawe. Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Nyumba aliyokodi Tumsifu ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu. Jumanne asubuhi turubai likafungwa uani kwa ajili ya kipande cha msibani, mikeka ikatandikwa, wanawake ishirini wa mtaani wakaja kukaa, kila mmoja na khanga yake kichwani. Simu zetu zote zikakusanywa kwenye ndoo zisije zikalia. Ilikuwa Agosti, upepo unavuta turubai kana kwamba unalidai. Na wewe unajua watu wetu: wakiona turubai hawaulizi, wanaingia. Mzee mmoja alitua nusu debe la unga akakaa kimya. Alipoelezwa ni filamu akasimama, akajikung'uta kanzu, akasema, "Haya, unga mtaula hivyo hivyo," akaenda zake.

Lakini kabla ya msiba ilibidi kwanza nipate habari. Kipande chenyewe kifupi. Nimekaa barazani nachambua maharage kwenye ungo. Anaingia shemeji, aliyeigizwa na kijana anaitwa Cornel, anasema, "Shemeji, Fuso limekata breki mlimani. Kaka hatunaye." Basi. Baada ya hapo ni mimi.

Mara ya kwanza nilipiga yowe, nikarusha ungo, nikashika kifua, nikaanguka. Maharage yakatapakaa ua mzima.

"Kata!" akasema Tumsifu. "Vizuri, Mama Nasri. Turudie, punguza kidogo."

Watu wanne wakapiga magoti kuokota maharage. Ya njano yale, yangu mwenyewe, gredi ya kwanza. Mara ya pili nikapunguza yowe nikaongeza machozi. Kata. Okoteni. Mara ya tatu, ya nne. Mara ya tano nilijiangusha hadi kiwiko kikachubuka, na niliposikia kata nikamgeukia Tumsifu kwa hasira zangu zote.

"Unataka nini wewe? Nife kweli?"

Akanivuta pembeni. Alikuwa na adabu, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Mama Nasri, machozi nayaona. Ila siamini. Nakuona unaigiza mtu anayelia." Akaangalia jua. "Nina mwanga mpaka saa kumi na moja. Ikishindikana, Edina atachukua nafasi. Samahani sana."

Edina ni msichana aliyetoka Dar es Salaam kuigiza wifi yangu. Alikuwa kivulini, ameshika karatasi, midomo inacheza. Alikuwa anakariri maneno yangu. Msichana wa watu hakuwa na kosa lolote, lakini kwa dakika ile nilimchukia hadi nikaona aibu. Nikarudi barazani na ungo wangu. Nilitaka kulia, na machozi ya kweli hayakutoka hata tone. Nilijiambia: Jaha, rudi sokoni, wamekwisha kujua.

Hapo fundi wa sauti akaomba dakika moja ya kimya. Huwa anafanya hivyo kila mahali, anarekodi ukimya wa mahali penyewe, na katika dakika hiyo ukikohoa unachukiwa. Wanawake wakainamisha vichwa chini ya turubai. Bi Sabiha alikuwa nyuma ya nguzo, tasbihi mkononi, amesinzia.

Na Seleman akaingia.

Siku mbili kabla ya wakati. Ana vumbi la Kibakwe hadi kwenye kope, ameshika funguo za Fuso. Macho yake hayakufika barazani nilipokuwa mimi na kamera. Akasimama mwanzo wa mikeka, akawatazama majirani zake mmoja mmoja, na hakuna aliyenyanyua uso. Mama yake ana presha, ndilo jambo analoliwaza kila anaposafiri. Nikaona anadhani limemfika, mama hayupo.

Hakupiga yowe. Hakushika kifua. Alianza kutafuta pa kuweka funguo. Aliziweka dirishani, akazichukua. Akazitia mfuko wa shati, akazitoa. Akaziweka juu ya kiti cha plastiki, akazinyoosha vizuri zikae sawa, halafu akazichukua tena. Kisha akamwinamia mwanamke aliyekuwa karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini, ya heshima kabisa:

"Samahani, dada. Viatu wanavulia wapi?"

Ningeweza kumwita. Nisikudanganye, pumzi nilikuwa nayo na sauti nilikuwa nayo, na mimi ni Jaha, sauti yangu inafika stendi. Lakini nilimtazama. Nilimchunguza mume wangu kama ninavyochunguza gunia kabla ya kununua, na nilijua ninachofanya. Mungu anisamehe.

Ni Bi Sabiha aliyezinduka. "Sele? Mbona umerudi leo?"

Akageuka, akamwona mama yake mzima. Akakaa chini kwenye mchanga, nje ya mkeka, funguo zikamtoka mkononi. Hapo ndipo nami nilipoweza kushuka barazani.

"Nasri?" akaniuliza. Ndiye mtoto wetu, yuko shule ya bweni.

"Nasri mzima, Baba Nasri. Wote wazima."

"Basi nani?"

Wanawake ishirini wakanitazama mimi. Hata fundi wa sauti.

"Wewe," nikasema.

Sikuwahi kumwona amekasirika vile. Alisimama akasema yote pale pale, mbele za watu: kwamba mzigo ulijaa mapema akawahi, amekuta banda langu sokoni limefungwa, nyumba imefungwa, simu haipatikani, na alipokata kona akaona turubai na majirani zake wote chini yake. Nikamweleza filamu. Nikamweleza mjane. Akasikiliza hadi mwisho.

"Nimekufa kwa nini?"

"Gari. Breki."

"Gari gani?"

"Fuso."

"Fuso langu?"

"La kwenye filamu."

"Breki nimebadilisha mwezi wa sita, Jaha! Za mbele na za nyuma!"

Mtu akacheka kwenye mkeka. Seleman hakucheka. "Ungeniambia," akasema.

"Niliogopa."

"Uchuro?"

"Hapana." Na hapa niliona potelea mbali, maji nimeyavulia nguo. "Niliogopa utanikataza, na mimi nitafurahi. Ningepata wa kumsingizia. Maisha yangu yote ningesema mume wangu alinizuia, na hakuna ambaye angejua kwamba sikuweza."

Kimya. Safari hii hakuna aliyekiomba.

Akaokota funguo zake, akazifuta vumbi kwa pindo la shati. Halafu akaenda kukaa mkekani karibu na mama yake.

"Haya, niueni," akasema. "Nimetoka safari, nina njaa."

Tumsifu aliangalia jua, akanyanyua vidole viwili: dakika ishirini. Edina aliweka karatasi yake chini. Nikakaa barazani, nikajaza ungo.

Cornel akaingia. "Shemeji, Fuso limekata breki mlimani. Kaka hatunaye."

Nilisimama na ungo mkononi. Nikatafuta pa kuuweka. Kwenye kiti, lakini kiti kilikuwa kimeinama, ungemwagika. Dirishani, pembamba. Niliurudisha kifuani. Nikasawazisha maharage kwa kiganja yakae sawa, nikatoa jiwe moja dogo, nikalitupa, nikaona nimefanya la maana. Cornel alikuwa bado amesimama mlangoni, amemaliza maneno yake, hajui afanye nini. Nikamwonea huruma kijana wa watu.

"Karibu, shemeji," nikamwambia. "Viatu vulia hapo."

Hayo hayakuandikwa. Cornel akainama, akavua viatu, akavipanga sawasawa pembeni. Mimi nikakaa chini polepole na ungo wangu. Hapo ndipo machozi yalipokuja, bila kuitwa, na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika maharage.

Tumsifu alichelewa kusema kata, na aliposema sauti yake ilikuwa ndogo. Hakuna aliyepiga magoti uani. Hata punje moja haikuwa imedondoka. Mwanamke mmoja chini ya turubai alikuwa analia na kamasi, na zamu yake ya kulia ilikuwa bado.

"Turudie?" nikauliza.

"Nirudie nini, Mama Nasri?" akasema Tumsifu, akavua kofia. Edina akaja akanikumbatia, nami nikamwomba radhi moyoni kwa yale niliyomwazia.

Nikamtafuta Seleman mkekani. Hayupo. Nilimkuta nje ya geti, ameegemea Fuso, amenipa mgongo.

"Kumbe ndivyo utakavyokuwa," akasema bila kugeuka.

"Ndivyo ulivyokuwa wewe."

Akageuka. Si mjinga mume wangu. "Uliniona?"

"Tangu unaingia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nilisubiri mvua ya maneno, maana nilistahili. Alizungusha funguo kidoleni mara mbili, tatu.

"Una roho ngumu, mwanamke wewe," akasema. Halafu: "Na mimi niliuliza viatu, eti?"

"Uliuliza viatu."

"Loo." Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akasingizia vumbi. "Kesho mna nini?"

"Kesho tunakusomea arobaini."

"Saa ngapi?"

"Saa nne. Kuna pilau."

"La kweli au la filamu?"

"La kweli. Anapika Mama."

Alitazama magunia yake juu ya Fuso, hata moja alikuwa hajashusha. Akanishika mkono, akaniwekea funguo kiganjani, akakifumba.

"Basi mzigo utasubiri," akasema. "Siwezi kukosa arobaini yangu."