Siku Bi Saleha Aliposomesha Efeso

Nilifika kwa Bi Saleha mwaka 2012, baada ya kufanya kazi Riyadh katika nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuniita kwa jina langu. Kafili wangu mpya, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi, alikuwa mwanawe, Murad, mwenye duka la vipuri vya magari Jeddah. Alinipokea uwanja wa ndege, akanibebea sanduku, na njiani akanieleza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiarabu kwamba kazi yangu ilikuwa moja tu: mamake. Magoti yalimsumbua, ngazi hakuziweza, na hata hivyo alikataa kuihama nyumba yake ya kupanga pale mtaa wa Bani Malik.

"Na anapenda kuzungumza," Murad alisema. "Utazoea."

Mlango ulipofunguliwa nikasema, "Good afternoon, madam," kama ajenti wa Nairobi alivyonifunza. Mbele yangu alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, amejitanda kanga juu ya dera lake, ameegemea mkongojo.

"Madam ndo nani? Mie naitwa Saleha," alisema. "Na wewe?"

"Magdaline."

"Haya, Magdaline mwanangu, pita ndani. Umeshakula?"

Nilikaa jikoni kwake nikala wali huku machozi yakinilengalenga, na yeye akajifanya haoni.

Bi Saleha alizaliwa Unguja. Familia yao iliondoka mwaka 1964 akiwa msichana, wakazunguka huku na huku mpaka wakatua Jeddah. Hapo akasoma, akaolewa, akawa mwalimu wa historia katika shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Sebuleni hakuwa na picha za maua wala saa ya dhahabu kama nyumba za jirani. Ukutani kulikuwa na ramani kubwa ya nchi ya Waturuki, imechakaa kwenye mikunjo, na kila asubuhi baada ya chai aliniambia niitazame.

"Leo tuko wapi?"

Nikiweka kidole popote, alianza. Siku nyingine tulikuwa Troya, Wagiriki wamepiga kambi nje ya kuta. Siku nyingine tulikuwa na Waturuki wa kwanza wanaingia kutoka mashariki juu ya farasi zao, wanakuta majumba ya marumaru hayana wenyewe. Wengi niliowasikia wakisimulia historia huisimulia kama matanga. Bi Saleha alikuwa akisengenya. Alimsengenya mfalme tajiri wa Lidia, ambaye aliambiwa na waaguzi kwamba akivuka mto ufalme mkubwa utaanguka, akavuka mbio na jeshi lake lote.

"Hakuuliza ufalme wa nani!" alisema, akipiga paja. "Mjinga yule! Kumbe wake mwenyewe!"

Mimi nilikulia Vihiga, na historia ya shule niliifaulu kwa kukariri. Pale Bani Malik nilijikuta naosha vyombo haraka ili nijue masultani wa Istanbul wamefikia wapi.

Siku moja kidole changu kiliangukia pwani ya magharibi. Nikasoma jina, nikashtuka.

"Bi Saleha, hii ni Efeso? Ile ya Paulo?"

"Unaijua?"

"Naijua kwa kanisa. Mafundi wa fedha walimfanyia fujo, mji mzima ukakimbilia kwenye uwanja wa michezo ukipiga kelele."

Alivuta kiti. "Hebu nihadithie vizuri. Mie naijua kwa njia nyingine."

Nikamhadithia yote niliyokumbuka, naye akanieleza habari za hekalu la Artemi, mungu wao wa kike, la marumaru tupu, watu walikuwa wakisafiri kutoka kila pembe kuliona. Tulisahau chakula cha mchana. Mwishowe nikamuuliza kulikoje kwenyewe, mji unafananaje. Akapitisha kidole juu ya jina lile.

"Sijui, mwanangu. Sijafika. Kwanza mume wangu aliugua, kisha watoto, kisha magoti haya. Nimeisomesha Efeso maisha yangu yote kama mtu anayehadithia harusi ambayo hakualikwa."

Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyeanza kumchokoza. Kwa nini tusiende? Alicheka, kisha akaacha kucheka, na Ijumaa iliyofuata, Murad alipokuja kula, akamwambia.

Murad alikataa. Magoti, joto, ngazi, hospitali ziko mbali. Na hakukuwa na njia ya kumzunguka, maana kwa sheria ya wakati ule mwanamke hakusafiri nje ya nchi bila idhini ya mwanamume wa kwao. Mjane yule, aliyelea wanafunzi wasio na idadi, alihitaji ruhusa ya mtoto aliyemnyonyesha.

Sikumsikia akigombana naye. Kila Ijumaa alimpakulia, akamwekea nyama nzuri, akamzungumzia Efeso. Barabara zake, mabomba yake ya maji, paka waliojaa magofuni. Murad alikuja na mkewe, Efeso ikawapo. Akaja na binti yake Hala, ikawapo. Mpaka mwanzoni mwa 2014 Murad akaweka kijiko chini.

"Halas, basi, Mama. Tutakwenda. Lakini nami nakuja."

"Nani amekukataza?" alisema Bi Saleha.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa changu. Pasipoti yangu ililowa maji siku za Riyadh, picha ikafifia, na ubalozi wetu uko huko huko Riyadh. Nilitarajia nipandishwe ndege peke yangu. Bi Saleha akasema anakuja, ana mahali pake pa kunionyesha.

Binamu yangu Elphas alikuwa mlinzi Riyadh, anaishi mtaa wa Shumaisi na vijana wengine wa kwetu. Siku ya mapumziko alitufuata ubalozini kunisalimia, na tulipomaliza Bi Saleha akampa kiti cha magurudumu asukume, akatupeleka makumbusho. Elphas alisukuma kwa heshima huku akininong'oneza.

"Dadangu, nimeacha usingizi wangu nikuje kuona mawe? Mawe si tuko nayo Kakamega ya kumwaga?"

Bi Saleha alikuwa na masikio mazuri kuliko magoti. Alimsimamisha mbele ya kabati la kioo lenye kisanamu cha shaba, kidogo, cha mtindo wa Kigiriki, kilichochimbuliwa jangwani kusini mwa Riyadh.

"Elphas, mawe ya kwenu kayapanga nani?"

"Mungu, mama."

"Na hiki?"

Elphas akainama. "Mtu."

"Mtu, naam. Ana njaa, mgongo unamuuma, na bado katia kucha kwenye vidole hivyo. Tazama."

Elphas alitazama. Aliinama zaidi, mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Ilifikaje huku, hii yote ni jangwa?"

"Kwa misafara. Ngamia, wachuuzi, ubani ukienda, vitu vya Wagiriki vikirudi. Watu walikuwa wakija huku kutafuta riziki tangu zamani hizo."

"Na hao pia walikuja na ajenti?"

Bi Saleha alicheka mpaka askari wa makumbusho akageuka. Elphas hakuongea habari za usingizi tena. Alitusukumia kiti chumba hadi chumba, anauliza, anajibiwa, na jioni alipotuaga alimbusu Bi Saleha mkono kama mjukuu.

Tulifika Efeso mwezi wa nne, maua mekundu yamejaa kati ya mawe. Tuliingia kwa lango la juu, barabara inateremka mbele yetu, nguzo huku na huku, na mbali chini paliwaka ukuta mmoja mweupe. Nilidhani Bi Saleha atasema mengi. Aliushika mkono wangu juu ya mpini wa kiti, akaubana.

Barabara ile imetandazwa marumaru, na kwa miaka yote hiyo miguu ya watu imeisugua mpaka inateleza kama sahani. Tulikuwa bado hatujafika katikati gurudumu la mbele liliponasa kwenye ufa, likakwanyuka. Murad alilishika, akaligeuza, akalijaribu. Limeharibika.

"Mama, halas," alisema, jasho linamtoka. "Tumeona. Turudi kwenye gari."

"Hatujaona kitu."

"Kiti hakiendi!"

"Kiti ndicho kisichokwenda," Bi Saleha alisema. "Nipe mkono wako. Magdaline, na wewe."

Alisimama katikati yetu. Tukateremka hatua kwa hatua, yeye akikaa juu ya vipande vya nguzo kila alipochoka, akihema, akituonyesha. Hapa palikuwa na duka. Hapa maji yalipita chini, sikilizeni, mpaka leo pana uwazi. Niliuona uso wake ukiwa mweupe kwa maumivu na sikumsikia akilalamika hata mara moja. Watalii walitupita, wengine wakatuachia njia bila kuombwa.

Ukuta mweupe ulikuwa wa maktaba. Orofa mbili za nguzo zimebaki, na sanamu za wanawake wamesimama kati yake kama wanaokupokea mgeni. Murad alikuwa anatazama simu.

"Unajua nani kaijenga?" mamake alimuuliza.

"Mfalme gani sijui."

"Mtoto. Babake alikufa, akamzika hapo chini, akamjengea nyumba ya vitabu juu yake."

Murad aliinua macho, akayaacha huko juu muda mrefu. Simu aliitia mfukoni na siku hiyo sikuiona tena.

Kutoka hapo si mbali na uwanja wa michezo. Nilipotokeza mbele yake nikainua macho. Ni mlima mzima umechongwa viti, safu juu ya safu, nami nilikuwa nimesimama kwenye kile kile kiwanja cha fujo nilichosimuliwa nikiwa mdogo, kwenye kanisa la mabati. Majina yale nilikuwa nayasikia kama majina ya mbinguni. Sasa vumbi lake lilikuwa kwenye viatu vyangu.

Bi Saleha alimgeukia mwanawe. "Panda mpaka juu kabisa."

"Kufanya nini?"

"Ukifika kaa, unyamaze, usikilize."

Murad alipanda. Alizidi kuwa mdogo mpaka akawa kama kitone cheusi juu kwenye safu za mwisho. Bi Saleha aliuachia mkono wangu, akatengeneza mtandio wake, akagonga jiwe kwa mkongojo.

"Sabah al-khair, ya banat," alisema, sauti si kubwa, lakini imenyooka. Asubuhi njema, wasichana. Akaendelea kwa Kiarabu kidogo, kama alivyozoea darasani, kisha akaniona nimekaa safu ya kwanza, akageukia Kiswahili.

"Bahari ilikuwa pale," alisema, na mkongojo ukaonyesha mashamba. "Meli zilifunga mwisho wa barabara hii. Mgiriki alikuja kwa meli, akajenga. Mrumi akaja, akajenga juu yake. Na siku zote hizo mto ulikuwa ukileta tope, kidogo kidogo, kila mwaka, na hakuna aliyeogopa, kwani nani anaogopa tope? Mpaka bahari ikaondoka. Matetemeko yakaja. Watu wakahamia kilimani. Mturuki alipofika alikuta mawe mazuri yamelala, akayachukua akajenga nayo. Msimcheke. Na nyinyi mtakuta mambo ya watu, mtajenga nayo."

Sijawahi kumsikia mtu akizungumza namna ile. Mgongo ulikuwa umenyooka, maumivu sijui yamekwenda wapi. Aliuliza maswali, akangoja, akajijibu kwa sauti za wasichana wavivu na wasichana wajuaji, mpaka nikacheka peke yangu. Watu waliokuwa wakipiga picha waliacha. Kundi moja likakaa kabisa. Kiongozi wao, Mturuki kijana, akanisogelea akauliza kwa Kiingereza ni lugha gani hiyo.

"Kiswahili," nilisema, na nilijisikia kana kwamba nimeitunga mimi.

Alipomaliza akasema, "Haya, nendeni mkacheze," na watu wasioelewa hata neno moja wakapiga makofi. Bi Saleha alishtuka, akaona haya, akajifunika mdomo kwa mtandio.

Murad alichelewa kushuka. Alipofika macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimesikia kila neno," alisema. "Mama, mimi nilikuwa nakupeleka shule kila asubuhi. Nakuacha getini, wanaume hawaruhusiwi kupita. Sikupata kujua unakuwaje huko ndani."

"Ulikuwa ukipiga honi kama mwendawazimu," alisema Bi Saleha. "Darasa zima linacheka."

Murad alicheka, akamkumbatia pale pale mbele ya watu.

Mchana tulikwenda msikiti wa zamani ulio chini ya kilima. Ndani yake zimo nguzo ambazo, kwa mujibu wa Bi Saleha, zilitolewa kwenye mji ule tuliotoka. Alizipapasa moja moja kama mtu anayewasalimia jamaa, kisha akasali amekaa. Juu kidogo ya hapo yapo magofu ya kanisa la Yohana. Murad alinisindikiza mpaka langoni, akaninunulia maji, akaningoja nje kivulini bila kuniharakisha. Niliomba kwa ajili ya watu wa kwetu, na kwa ajili ya magoti ya Bi Saleha.

Aliporudi Jeddah Bi Saleha alikubali upasuaji wa magoti aliokuwa akiukwepa siku zote. Sharti lake lilikuwa kwamba akipona apelekwe Pergamo, mji mwingine wa ramani yake, na Murad hakubisha. Miezi ya kupona alianza somo la alasiri pale sebuleni. Kwanza mimi na Hala, kisha majirani, kisha wasichana wa kazi wa jengo lile, Mkenya mwenzangu Peris na Wafilipino wawili waliosikiliza kwa tafsiri yangu mbovu.

Mwaka uliofuata, joto lilipopungua, tukaenda. Pergamo iko juu ya kilima kirefu. Tulipanda kwa kigari kinachoning'inia kwenye waya, lakini kutoka hapo Bi Saleha alitembea mwenyewe, Hala ubavuni mwake, Murad nyuma na mfuko wa maji anahema kuliko sote. Tulipofika ukingoni uwanda wote ulikuwa chini yetu, na upepo ukampeperusha Bi Saleha mtandio. Alikuwa ameshaanza kumwambia Hala habari za wafalme wa pale, nani alimdhulumu nani, nani alipenda vitabu. Nilikaa juu ya jiwe lenye jua, nikavua viatu, nikamsikiliza.