Ngoma ya Kijito Kile

Mfuniko wa sufuria ulikuwa ukigonga gizani, ko-ko, ko-ko, uji ukitokota. Alfajiri ile niliufuata mlio huo kwa miguu, nikijizoeza ngoma: mbele, nyuma, shikana mikono, vuka. Binti yangu Aurelia, wa miaka minne, akanicheka toka mkekani.

Ngoma hiyo ya Kiskoti alitutungia Mwalimu Morag, anayetufundisha kusoma na kuandika katika darasa la jioni hapa kijijini Namswea. Kwao Uskoti, alisema, ngoma hupewa majina ya vijito. Basi yetu akaipa jina la kijito tunachovuka kwenda darasani. Wenzangu wakapiga vigelegele. Lakini jina hilo ndilo la baba mkwe wangu, aliyezaliwa ukingoni pale, na katika ukoo wao mke hamtaji mkwewe kwa jina, hata ndotoni. Hapa pia siliandiki.

Siku ya vyeti mgeni rasmi alikuwa Bwana Rodrick, mmoja wa wanunuzi binafsi wa kahawa waliokuja baada ya ushirika kuyumba. Alikuwa akitafuta karani wa mizani, mwanamke ajuaye kusoma. Akilini, kwa mshahara huo, nilishamwona Aurelia wangu na viatu vya shule. Mwalimu akanichagua kuitangaza ngoma.

"Mwalimu, mpe Bonifasia atangaze," nilimwomba, nikimwonyesha mwenzangu wa darasani. "Jina hilo ni la baba mkwe."

"Kumbe! Basi atafurahi sana!"

Nikasimama na karatasi. Baba mkwe alikuwa benchi la mbele, kofia magotini.

"Mgeni rasmi, shikamoo. Wanadarasa tumeandaa ngoma. Ngoma yetu inaitwa..."

Nikakwama.

"Endelea, mama," alisema Bwana Rodrick.

"Ngoma yetu inaitwa..."

Ulimi ukagoma palepale. Baba mkwe aliikodolea macho kofia yake. Waliojua sababu walinyamaza. Nani amkatize mgeni rasmi?

"Herufi zimemkimbia huyo!" akasema dereva wa mgeni. Watu wa nyuma wakaangua kicheko.

"Si neno," Bwana Rodrick akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionimaliza. "Kusoma kuna ugumu wake. Pumzika tu. Nani mwingine anaweza?"

Bonifasia akaichukua karatasi mkononi mwangu, macho chini. Nikabaki nimesimama, mikono mitupu, sina pa kuiweka.

Aurelia akapanda juu ya benchi.

"Mama yangu anajua kusoma."