Mvua ya Siku Mbili

Kwa miaka kumi na tisa, kila saa tatu asubuhi, Masha wa Gede alikiendea kipimo cha mvua nyuma ya nyumba yake, akakisoma, akaandika kwenye daftari la serikali. Mwaka wa 1979 malaria ilipomlaza wiki nzima, mkewe Kadii, asiyejua kusoma wala kuandika, aliimimina mvua ya kila siku kwenye chupa tofauti, akaziziba chupa hizo na kuzipanga chini ya kitanda.

"Amka upime mwenyewe," alimwambia alipopata nafuu. "Mimi nimekuwekea tu."

Mwaka wa 1986 akaja Jedida, binti mtafiti kutoka Nairobi, aliyekuwa akilinganisha hali ya hewa ya zamani na ya sasa. Wakakaa barazani wakiyapitia madaftari.

"Mzee," akasema, kidole kikiwa juu ya Mei 1982, "siku hii umeandika milimita mia moja thelathini na moja. Malindi walipata sitini tu. Na siku iliyotangulia umeandika sifuri, ilhali kwao ilinyesha sana. Au kalamu iliteleza?"

Masha akavua miwani. Miaka minne alikuwa akiliogopa swali hilo.

"Ni mvua ya siku mbili. Ile sifuri ni uongo. Siku ile sikupima."

"Ulisafiri?"

"Nilikuwa namzika mke wangu."

Masha akaeleza jinsi kaburi lilivyojaa maji likichimbwa, watu wakayateka kwa ndoo. Saa tatu ilimkuta hapo, miguu topeni, na wazo lililomjia halikuwa la Kadii. Lilikuwa la kipimo.

"Niliona haya, mwanangu. Nikakataa kwenda. Keshoye nikaikuta yote imo ndani, nikaiandika vile vile. Nimekuharibia kazi?"

"Hapana, baba. Nitaonyesha kuwa ni jumla ya siku mbili."

"Na sababu utaiandika?"

Jedida akaitazama fomu yake. "Haina nafasi ya sababu," akajibu kwa sauti ya chini.

"Basi."

Masha akamsaidia kuyafunga madaftari kwa kamba, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi barazani ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti kubwa, hata majirani wakaja mbio kuuliza ni nani aliyekufa.