Allan kwa Watatu

Duka la Bushiri lilikuwa Gerezani, katikati ya maduka ya vipuri, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Karakana FC, vikao vya klabu vilifanyika humo humo, watu wakiwa wamekalia viti vilivyong'olewa kwenye magari mabovu. Siku hiyo Bushiri alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu ligi ianze.

"Upepo wamepiga simu," alisema. "Wanamtaka Allan."

Kocha Haruna hakushtuka. Nusu ya msimu ilikuwa imekwisha, Karakana walikuwa wa mwisho kwenye msimamo wa Ligi Kuu, na kila mtu mjini alijua kwamba kitu pekee kilichokuwa kinang'aa kwao ni mguu wa kushoto wa Allan. Upepo walikuwa klabu tajiri, tena wanautaka ubingwa. Wasingeacha kuja.

"Dirisha dogo la usajili ndilo hili," Bushiri aliendelea. "Tunamuuza, halafu kwa hela hiyo tunamleta straika kutoka Kongo. Jina kubwa! Nimeshaongea na wakala wake."

"Mwenyekiti, Allan anafunga karibu kila mechi. Na bado tuko mkiani. Unajua kwa nini?"

"Mikosi."

"Akifunga moja, sisi tunafungwa matatu. Ukimleta huyo Mkongo akafunga mawili, bado tutafungwa matatu. Nyumba inavuja, wewe unanunua kapeti."

Bushiri aliguna. Haruna akasogeza kiti chake karibu. Kwa wiki nyingi, siku ambazo hakuwa na mazoezi, alikuwa anakwenda kuitazama timu ya vijana ya Upepo. Kulikuwa na vijana watatu pale ambao walishakua vya kutosha kucheza na wakubwa: kipa Leodegar, beki wa kati Adamu, na kiungo mkabaji Hashimu. Lakini Upepo kila msimu walinunua wageni, na hao watatu wakaendelea kutazama mechi wakiwa jukwaani, wamevaa traksuti safi zisizojua jasho.

"Tusichukue hela," Haruna alisema. "Tuchukue hao."

"Allan kwa watoto watatu? Ambao hata benchi hawakai?"

"Kipa, beki, kiungo. Ni mstari mmoja, kutoka golini mpaka katikati ya uwanja. Timu inasimamia hapo. Mfungaji atapatikana baadaye, lakini tukiendelea kuvuja hivi, hata tukipata watano hawatatusaidia."

Bushiri alikuwa mtu wa kupiga kelele, lakini hakuwa mjinga. Alishaona magari mengi yaliyopakwa rangi mpya juu ya injini iliyokufa.

"Mashabiki watanichoma moto."

"Waambie ni mimi niliyetaka."

"Hilo usiwe na wasiwasi, nitawaambia," Bushiri alisema. "Na tukishuka daraja, Haruna, usirudi hapa hata kunisalimia."

Allan alipopewa habari alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka. Alimshika Haruna mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kocha, mimi naenda kucheza fainali. Nyie mtabaki na nani?" Haruna akamwambia aende salama na asisahau kukaza mguu wa kulia.

Kazi ngumu ilikuwa Mchikichini. Huko, kwenye meza za viatu vya mitumba, ndiko alikokuwa Bi Mwanamkuu, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea Haruna tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Ujanani Bi Mwanamkuu alikuwa mwimbaji wa taarabu. Utu uzimani sauti ile aliipeleka uwanjani, na sasa ndiye aliyekuwa kiongozi wa ushangiliaji wa Karakana. Akianzisha wimbo jukwaa la mzunguko, wapinzani ng'ambo ya pili waligeuka kumtazama. Haruna alitaka aisikie habari hiyo kutoka kwake, si redioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekula?"

Akamweleza. Bi Mwanamkuu alikuwa anapiga brashi kiatu cha ngozi. Akakiweka chini taratibu.

"Allan? Allan wetu huyu?"

"Nimepata vijana watatu, shangazi. Ukiwaona—"

"Mtu mwenye njaa hauzi sufuria, Haruna."

"Sikuuza. Nimebadilisha."

"Basi nenda. Nina wateja."

Mezani pake hapakuwa na mteja hata mmoja. Na keshoye Haruna alipompigia simu na kusema shikamoo, simu ilikatwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kunyimwa marahaba na shangazi yake. Lilimuuma kuliko yote yaliyosemwa redioni wiki ile, na yaliyosemwa yalikuwa mengi.

Mechi ya kwanza ya vijana wale ilikwenda vibaya. Dakika za mwanzo tu, krosi ilipigwa kutoka kulia. Leodegar alitoka golini kuufuata mpira, lakini hakusema neno. Adamu naye, kwa kutosikia chochote, akarudi nyuma kuupiga kichwa. Wakagongana wote wawili, mpira ukaangukia mguuni mwa mpinzani, goli likiwa tupu. Baada ya hapo Leodegar hakutoka tena golini kwa mpira wowote ule. Wakafungwa matatu. Jukwaani watu wakaanza kuliimba jina la Allan, na Haruna hakuhitaji kugeuka kujua ni nani aliyeuanzisha wimbo ule. Sauti ile ndiyo iliyokuwa inamwamsha kwenda shule.

Kesho yake wachezaji walikuta geti la uwanja wao wa mazoezi limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi alisema ni mashabiki, na kwamba yeye hataki ugomvi na watu wa mtaani kwake. Wachezaji wakamtazama kocha.

"Bebeni mipira," Haruna alisema. "Tunaenda Mnazi Mmoja."

Alipowahesabu njiani aligundua kwamba Leodegar hayupo.

Mchana ule alimfuata Kariakoo. Mama yake, Candida, alikuwa na duka la jumla la maharage na mchele, karibu na soko. Alitoka Rombo akiwa msichana na kujenga biashara yake gunia kwa gunia. Alimkaribisha Haruna kwenye stuli, akamwagizia soda, ndipo akasema alichotaka kusema.

"Kocha, mwanangu alikaa kule miaka miwili hachezi, lakini alikuwa anakula na anacheka. Kwako amecheza siku moja, hali wala hacheki. Wewe ulimwona wapi hata ukamtaka?"

"Nilimsikia kwanza, mama Leodegar. Sikumwona."

Leodegar alikuwa nyuma ya magunia, akijifanya anapanga. Haruna akaongeza sauti kidogo ili amfikie.

"Nilifika kwenye uwanja wao wa mazoezi, nikiwa bado nje ya ukuta nikasikia mtu anaipanga timu. 'Adamu, kushoto! Hashimu, mtu nyuma yako! Tulia, muda upo!' Nikasema huyo lazima ni kocha. Kuingia ndani, ni kipa. Mpira wenyewe hawakumpigia hata mara moja, kwa sababu kila hatari aliiona kabla haijafika. Makipa wa kuruka wako wengi mjini. Wa kuona na kusema ni wachache."

Kijana akatoka nyuma ya magunia. Alikuwa mrefu, na vumbi la maharage lilikuwa limemjaa mikononi.

"Wale ni watu wazima, kocha," alisema. "Wengine wana watoto wangu mimi. Naanzaje kumwambia baba wa watu 'rudi nyuma'? Na uwanja mzima unazomea. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka."

Candida akacheka ghafla. "Watoto wako wewe? Wana watoto wa umri wako, labda! Ongea vizuri."

Leodegar naye akacheka, bila kutaka. Haruna akanywa soda yake. "Kesho asubuhi, Mnazi Mmoja," alisema. "Njoo upigiwe kelele na watu ambao hata hawakujui. Utazoea."

Mnazi Mmoja hapakuwa mahali pa kufundishia mpira. Watu walikatiza kati ya Kariakoo na mjini wakiwa na mizigo kichwani, wengine wakipita katikati ya mazoezi bila kuomba radhi. Wauza dawa za mende walikuwa na vipaza sauti. Magari hayakuacha kupiga honi. Haruna aliwapanga mabeki, akampa Leodegar kazi moja tu: kila mpira unaokuja, aseme. Kama ni wake, aseme ni wake. Kama si wake, aseme ni wa nani. Mabeki wasiposikia, wanarudia. Na waliokuwa na umri wa kumzaa aliwaambia mbele yake, "Huyu akisema, ni mimi nimesema."

Ndani ya wiki moja sauti ya Leodegar ilikuwa imekwaruzika kama redio mbovu. Alikuwa anapiga ukelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, na bado mabeki wanauliza, "Umesemaje?"

Asubuhi mojawapo Bi Mwanamkuu alikuwa anapita, mchukuzi nyuma yake akisukuma mkokoteni wa robota la viatu. Alikuwa ameamua kupita moja kwa moja. Haruna alimwona akikaza uso, akitazama mbele. Lakini Leodegar akapiga kelele, sauti ikakatika katikati, na Bi Mwanamkuu akasimama kama mtu aliyekanyaga mwiba. Akamwambia mchukuzi asubiri, akaenda mpaka nyuma ya goli.

"Wewe mtoto! Unataka kuua koo?"

Leodegar akageuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo sauti unaitoa wapi? Kooni! Koo ni mlango tu, sauti inakaa hapa." Akamgonga tumboni kwa vidole viwili. "Vuta pumzi ijae huku chini. Mabega usiyapandishe. Halafu usilie kama mwizi aliyeshikwa. Neno liwe fupi, uliache liende. Mwite yule pale."

"Adamu!"

"Bado unatumia koo."

"Adamu!"

Adamu, aliyekuwa mbali akinywa maji, akainua kichwa. Muuza dawa za mende naye akageuka.

"Ehee," alisema Bi Mwanamkuu. Alibaki hapo mpaka mazoezi yakaisha, robota lake likiwa juani na mchukuzi amelala juu yake. Aliona Hashimu akinyang'anya mipira bila kumgusa mtu. Aliona Adamu akisogea kushoto kabla mpira haujapigwa, kwa sababu ameambiwa. Alielewa mpira, alikuwa ameutazama tangu kabla Haruna hajazaliwa.

Haruna akamwendea, asijue aanzie wapi. "Shikamoo, shangazi."

Akamtazama juu mpaka chini. "Marahaba. Umekonda," alisema. "Na lile geti, waambie wanangu wa tawi la mashabiki nimesema walifungue. Watoto watagongwa na magari hapa."

Miujiza haikutokea. Mechi iliyofuata walitoka sare bila goli, na wengine wakasema ni mpira wa kuchosha. Iliyofuata wakafungwa, lakini goli moja tu, la penati. Halafu wakashinda kwa kona iliyopigwa na kuparazwa na goti la mtu, na Bushiri akalala na jezi. Haruna hakuwa na mfungaji, kwa hiyo aliwafundisha kusubiri. Walijifunza kukaa wamejipanga, sauti ya Leodegar ikiwasogeza huku na huku, mpaka mpinzani anachoka na kukosea. Polepole wakatoka mkiani. Jukwaa la mzunguko likapata mchezo mpya: kipa akiita, "Toka!" na watu wote wanaita, "Toka!", Bi Mwanamkuu akiwa mbele yao na kanga kiunoni.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa dhidi ya Upepo. Karakana walihitaji pointi moja tu kubaki Ligi Kuu. Allan alikuwa amenawiri, na kipindi cha kwanza aliwakimbiza mabeki mpaka Adamu akaomba maji mara mbili. Dakika za mwisho akapenya, akabaki yeye na Leodegar. Haruna alimjua Allan kuliko mtu yeyote. Alijua mpira ataupeleka wapi. Lakini hakuwahi kumwambia Leodegar, kwa sababu alitaka kipa wake aamini macho yake mwenyewe.

"Hashimu, kushoto kwake!" Leodegar aliita, huku akisogea mbele taratibu, bila kuanguka mapema. Hashimu akaja upande wa kulia wa kipa, akaziba. Allan akabakiwa na mguu wa kulia. Akapiga. Mpira ukampiga Leodegar kifuani, na akaukumbatia, akalala nao chini kama mtu aliyepata usingizi.

Filimbi ya mwisho ilipopulizwa matokeo yalikuwa bila kwa bila, na watu wa Gerezani walilia kama waliochukua kombe. Allan alikwenda kuwapa mkono wale watatu, mmoja mmoja. "Nyie mlikuwa wapi?" aliwauliza, na Hashimu akamjibu, "Jukwaani, kaka."

Haruna alimtafuta Candida miongoni mwa watu. Alikuwa amesimama kando ya Bi Mwanamkuu, hawajuani, wameshikana mikono, kila mmoja akimweleza mwenzake Leodegar alivyookoa mechi.

Wiki iliyofuata Bushiri alimwita dukani. Simu ilikuwa imelala mezani kati yao, na mwenyekiti alikuwa na tabasamu la mtu mwenye siri.

"Upepo wamepiga tena," alisema. "Wanamtaka Leodegar arudi. Nimefikiri, Haruna. Nimeielewa sasa hii hesabu yako. Tuwaombe wanne!"

Haruna alicheka mpaka fundi wa duka la jirani akachungulia. Kisha akamwambia mwenyekiti kwamba nguzo haing'olewi nyumba ikiwa ndiyo kwanza imesimama, na kwamba kuna kijana mmoja beki wa kushoto, anacheza soka la mchangani Buguruni, ambaye angependa wakamtazame pamoja Jumamosi.

"Ana jina?" Bushiri aliuliza.

"Bado."

Bushiri aliinua simu, akaizima, akaitia mfukoni. "Tuondoke na gari langu," alisema.